Picha Zilifunguka Zenyewe

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama mbele ya kompyuta, mikono nimeitandaza kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani. Nyuma yangu picha za watu walio uchi. Mbele yangu wasichana wa darasa la saba.

Kwa asiyenijua, naitwa Husna. Wazazi wangu ni wakulima wa Sindeni, Handeni. Nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya shamba la mkonge hadi shamba lilipouzwa na sisi tukaambiwa asanteni. Mume wangu Sadala akasema dunia sasa ni ya biashara. Tukafungua duka la kuchapa na intaneti karibu na stendi ya Korogwe. Mwaka ulikuwa 2003, na kwa upande ule wa mji tulijiona tumeshafika Ulaya.

Jumamosi ile mwalimu Beatrisi alikuwa amewaleta wanafunzi wake waione intaneti kwa mara ya kwanza. Mimi niliwafungulia ukurasa wa habari. Picha zile sikuzifungua mimi. Zilifunguka zenyewe.

Nilifunga moja, ikaja nyingine. Nikaifunga hiyo, zikamwagika kama mchele.

"Dada Husna, zima!" Beatrisi alipiga kelele.

"Haizimiki!"

Nikainama, nikachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi.

Msichana mmoja alikuwa analia kimyakimya. Wengine walicheka kile kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi macho yake. Beatrisi akawatoa nje mmoja mmoja akiwashika mabega. Mlangoni wapiga debe wa stendi walikuwa wameshajazana.

"Mama, na sisi tufungulie!" mmoja akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

"Mwalimu, naapa sijui zimetoka wapi," nilimwambia Beatrisi.

"Mimi nakuamini, dada. Lakini hawa wana wazazi wao."

Nilimkuta Sadala nyumbani Masuguru, anakula. Nilimweleza yote. Hakunyanyua macho kwenye sahani.

"Umefungua nini?" akauliza.

"Sijafungua kitu. Zimefunguka zenyewe."

"Kompyuta haifungui kitu yenyewe, Husna."

Hapo nikakumbuka jambo. Kabla ya Ramadhani tulikuwa tumemwita fundi Yordani kutoka Tanga aje atukagulie mashine. Alisema brauza yetu, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni ya zamani na ina matundu.

"Walioitengeneza wameshayaona hayo matundu," Yordani alisema siku ile. "Wameyaziba, wametoa mpya. Msipobadilisha, ipo siku kitu kitaingia bila hodi."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Sadala akaniambia nitangulie nyumbani, kazi hiyo ataifanya yeye.

"Ile brauza uliibadilisha?" nilimwuliza sasa.

Akaacha kutafuna. "Ipi?"

"Aliyosema Yordani."

"Niliibadilisha. Unadhani mimi mtoto?"

"Basi hizi picha zimeingiaje?"

"Waulize wateja wako. Wewe ndiye unayeshinda nao kutwa."

Wateja wako! Barazani, mbele ya wanaume wenzake, walikuwa wateja wake. Duka lilikuwa lake, kompyuta zake, intaneti yake. Jioni ile, kufumba na kufumbua, kila kitu kikawa changu.

Hata hivyo nilimwamini. Ni mume wangu, angenidanganya ili iweje?

Jumapili asubuhi mama mkwe wangu, Bi Mashavu, alifika kabla sijafagia uwanja.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akabaki amesimama, mkoba kwapani.

"Nimetoka sokoni," akasema. "Nimekwenda kununua nazi, nimerudi bila nazi. Wananiuliza kama mkwe wangu ndiye anayewaonyesha watoto wa watu uchi."

"Mama, ni kompyuta iliyoleta zile picha."

"Kompyuta ina mikono?"

"Haina, mama, lakini..."

"Basi mwenye mikono ni nani pale dukani?"

Sadala alikuwa ndani, anasikia. Redio ilikuwa inasema kwa sauti ya chini. Akaiongeza.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kutazamwa. Bombani wanawake walivuta ndoo zao nikifika, kama vile nina upele. Dukani wakaacha kuja watu waliokuwa wakinisubiri nifungue mlango. Wakaanza kuja wengine, wanaume wasiojua hata kuwasha kompyuta, wanaegemea meza na kunikonyeza.

"Mama Intaneti, ile ya Jumamosi bado ipo?"

Mmoja nilimfukuza kwa ufagio. Akaenda kuwaambia wenzake stendi kuwa nina bei.

Katikati ya wiki alikuja mwanamume mrefu, shuka jekundu begani, fimbo mkononi. Nilimfahamu kwa sura kabla hajataja jina, maana alifanana mno na Beatrisi. Alikuwa Lekakeny, kaka yake, ametoka kwao kwenye nyika za Handeni wanakochunga ng'ombe.

"Wewe ndiye Husna?"

"Ndiye mimi. Karibu."

Hakukaa. "Mdogo wangu amesimamishwa kazi. Ameambiwa asikanyage darasani mpaka wazazi wakae kikao."

Sikuwa najua. Nikakaa mimi.

"Baba yetu, mzee Parsaoti, ndiye peke yake pale kwetu aliyempeleka binti shule mpaka akawa mwalimu," aliendelea. "Walimcheka miaka yote. Beatrisi alipopata kazi wakanyamaza. Sasa wameanza tena. Wanamwambia, hicho ndicho ulichokwenda kumsomeshea?"

"Kaka, nipige kama umekuja kunipiga. Lakini sikuzifungua."

Akaweka fimbo ukutani.

"Sikuja kupiga mtu. Nimekuja kuona. Iwashe."

"Nini?"

"Hiyo mashine. Iwashe, halafu uje usimame huku nilipo mimi."

Nilichomoa kwanza waya wa simu ili intaneti isiingie. Nikaiwasha, nikaenda kusimama karibu naye mlangoni, mikono nimeifunga kifuani. Tukangoja. Kompyuta ikaamka polepole kama kawaida yake. Kisha ikafungua picha ya kwanza. Ikafuata ya pili.

Lekakeny aligeuza uso kwa haraka, akatazama barabarani.

"Hujaigusa," akasema.

"Sijaigusa."

"Basi nitasema hivyo kwenye kikao. Zima."

Nililia baada ya yeye kuondoka. Tangu Jumamosi hakuna mtu aliyekuwa amefikiria kuangalia. Wote walikuwa wameuliza tu, na hawakungoja jibu.

Siku iliyofuata nikampigia simu Yordani, naye akaja na basi la Tanga. Alikuwa kijana mkimya, mfuko wa shati lake umejaa bisibisi. Alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza huku na huku, kisha akanigeukia na uso wa mtu anayetaka kuomba radhi.

"Dada, hii brauza haijabadilishwa."

"Ilibadilishwa. Mume wangu aliibadilisha kabla ya Ramadhani."

"Ni ile ile niliyoikuta. Haijaguswa."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, dada." Akashusha pumzi. "Kilichotokea ni hivi. Mteja mmoja alifungua ukurasa wenye ubaya. Huenda hata hakujua, maana kwa nje unaweza kuwa ukurasa wa mpira au wa nyimbo. Brauza mpya ingekataa. Hii ikaacha mlango wazi, na huyo mdudu akaingia bila mtu kubonyeza chochote. Sasa amekaa humu ndani. Ndiyo maana hata ukichomoa simu picha zinakuja."

"Siku ile Sadala alinitanguliza nyumbani akisema laini ya simu ni nzito, ingechukua siku nzima kuipata hiyo mpya."

Yordani akanitazama. "Nilijua laini yenu ni nzito. Ndiyo maana nilimwachia diski. Brauza mpya imo kwenye hiyo diski. Ni kuitumbukiza na kusubiri, basi."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kisima.

Diski! Sikuwahi kusikia habari ya diski.

Jioni sikupika. Nilimsubiri Sadala uwanjani, na alipofika sikumpa pole ya kazi.

"Diski ya Yordani iko wapi?"

Alijaribu kukasirika. Nilimwona akitafuta hasira usoni kwake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hakuipata. Akakaa kwenye kigoda.

"Ilikuwa siku ya gulio," akasema. "Watu walijaa dukani. Ningezima kompyuta wangeondoka. Nikasema nitaweka kesho."

"Na kesho yake?"

"Nikasahau."

"Na nilipokuuliza Jumamosi?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Sadala, umenisikia nikitukanwa na mama yako hapa uwanjani. Ulikuwa ndani. Ukaongeza redio."

"Ningesema nini, Husna? Mjini hapa mimi ndiye mtu wa kompyuta. Hata mkuu wa shule huja kuniuliza mimi. Nikisema niliambiwa na fundi, nikapewa diski mkononi, nikashindwa kuitumbukiza tu, nitaficha wapi uso wangu?"

"Na wangu nifiche wapi?"

Aliinuka kwenye kigoda. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu shida hii ianze.

"Kesho kwenye kikao nitasema mwenyewe," akasema. "Mbele yao wote. Nitasema kosa ni langu. Yordani awaonyeshe mashine kama alivyoiacha, Lekakeny aseme alichoona, na mimi nitamalizia."

"Kweli?"

"Wallahi, Husna."

Nikaenda kuwasha moto. Nilimpikia wali jioni ile, nikaona aibu kwa maneno makali niliyomwambia. Aliponiambia anakwenda mara moja kufunga vizuri mlango wa duka, nikamwambia asichelewe, chakula kitapoa.

Alichelewa, na chakula kikapoa kweli. Sikumwuliza kitu.

Kikao kilifanyika darasani. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu, nyuso zimenuna. Mbele alikaa mzee Muhidini, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu wa sauti ya taratibu na maneno machache. Beatrisi alikaa pembeni peke yake kwenye kiti, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana kwa macho tu.

Kompyuta tuliileta kwa mkokoteni kutoka stendi, mimi na Yordani tukiishikilia isigongwe. Sadala alikuwa ametangulia.

Nilisimama nikaeleza. Nilisema kuhusu matundu ya brauza, kuhusu mdudu aliyeingia bila hodi. Niliona watu wanatazamana. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Sasa ni mdudu!" Wengine wakacheka.

"Msinisikilize mimi," nikasema. "Itazameni wenyewe. Wanawake wanaoona haya wageuze nyuso. Fundi ataiwasha, na hakuna atakayeigusa."

Nikakaa kwenye dawati la karibu. Yordani akaunganisha waya, akaiwasha, akarudi nyuma mpaka ukutani na kuinua mikono yake watu waione.

Hata waliokuwa wanacheka walinyoosha shingo zao mbele.

Kompyuta ikaamka. Skrini ikawa ya buluu, safi, tulivu. Tukangoja.

Hakuna kilichotokea.

Tukangoja tena. Mtoto mgongoni mwa mama yake akaanza kulia, akabembelezwa, akanyamaza. Skrini ikabaki ya buluu, bila picha hata moja.

Yordani akaacha ukuta, akaenda mbio kwenye kiti, akabonyeza, akabonyeza tena. Nilimwona masikio yakibadilika rangi.

"Dada," akaninong'oneza, "imefutwa yote. Imewekwa upya kuanzia mwanzo. Na brauza ni mpya."

"Mpya ipi?"

"Ile ya kwenye diski yangu."

Niligeuka kumtazama Sadala. Alikuwa anaangalia dirishani.

Tangu jana nilikuwa natamani brauza hiyo ingekuwa imewekwa. Sasa ilikuwa imewekwa, na ndiyo iliyonimaliza.

"Mzee mwenyekiti," Yordani alisema kwa sauti, "mashine hii imefutwa. Jana haikuwa hivi."

"Una ushahidi?" mzee Muhidini akauliza.

"Ushahidi ndio uliofutwa, mzee."

Kicheko kikapasuka. Yordani akataka kuwaonyesha tarehe ya kazi hiyo humo ndani ya kompyuta, lakini saa ya kompyuta yetu ilikuwa mbovu tangu tuinunue. Ilisema tuko mwaka 1998.

Lekakeny akasimama nyuma. "Mimi niliona. Ziliwaka zenyewe, huyu mama amesimama karibu yangu mlangoni."

"Wewe ni nani?" mzee Muhidini akauliza.

"Lekakeny, kaka yake mwalimu."

"Kaka yake mwalimu," mzee alirudia taratibu, na wazazi wakaguna. "Nimekusikia, kijana. Kaa."

Ndipo Sadala akanyanyuka. Nilifumba macho. Nilisema moyoni, sasa. Haidhuru mashine imefutwa, haidhuru ni yeye aliyeifuta kwa woga. Aliapa. Atasema.

"Ndugu wazazi," alianza, na sauti yake ilikuwa ile ya barazani, "mimi ni mzazi kama ninyi. Fundi aliniambia brauza ni ya zamani, na mimi niliibadilisha tangu kabla ya Ramadhani. Kompyuta ni nzima, mmeiona kwa macho yenu. Mke wangu ni binadamu. Pengine alibonyeza pasipotakiwa, pengine udadisi. Sitaki kumhukumu. Kwa niaba yake nawaombeni msamaha."

Aliniombea msamaha!

Watu walianza kutikisa vichwa kwa huruma, na huruma yote ilikuwa yake. Mwanamume mstahimilivu, mke kamwaibisha, bado anamtetea. Mama mkwe wangu alikuwa safu ya mbele. Alikuwa anafuta machozi.

Ningesema nini? Kwamba mume wangu ni mwongo? Nani angemsikiliza mwanamke wa picha za uchi?

Mzee Muhidini akakohoa, akamgeukia Beatrisi.

"Mwalimu, umebaki wewe. Ulikuwepo, ulisimama karibu na mashine. Nataka ujue jambo moja kabla hujajibu. Kama mama huyu ndiye aliyezifungua, basi wewe huna kosa. Ulidanganywa kama watoto walivyodanganywa, na Jumatatu unarudi darasani kwako. Kama zilijifungua zenyewe, basi wewe ndiye uliyewapeleka watoto mahali usipopajua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Haya. Nani alizifungua?"

Beatrisi alisimama. Alimtazama kaka yake kule nyuma. Lekakeny alimwambia maneno machache kwa Kimasai, hakuna aliyeyaelewa pale isipokuwa wao. Kisha akanitazama mimi, na katika uso ule sikuweza kusoma lolote. Nilifikiria mzee Parsaoti kule nyikani akichekwa na wenzake. Nilifikiria neno moja tu, jina langu, linalotosha kuwanyamazisha wote. Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini.

"Nitajibu, mzee," Beatrisi akasema. "Lakini naomba kwanza nimwulize shemeji Sadala swali moja."

"Uliza."

Akamgeukia mume wangu. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Shemeji, kama mashine yako ilikuwa nzima siku zote, jana jioni ulipokuja nyumbani kwangu, ulikuja kuniomba niseme nini?"

Mama mkwe wangu aliacha kufuta machozi, kanga ikabaki hewani.

Sadala hakumjibu Beatrisi. Alinijia mimi, haraka, akipita kati ya madawati, akanishika kiwiko.

"Husna," alisema kwa sauti ya chini, "inuka twende nyumbani."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Watu wote walikuwa wananitazama.

Nikautoa mkono wake kwenye kiwiko changu, nikabaki nimekaa.

"Mwalimu," nikasema, "endelea."